Fidia ya abiria aliyefia ajali ya reli: Miezi 12 ya sheria haingoji matanga yaishe

Reli haifiki mjini Malindi wala mjini Kilifi. Mkazi wa Mambrui, Watamu au Takaungu anayetaka kusafiri kwa garimoshi hana budi kupanda matatu hadi Mombasa kwanza, ndipo atafute kituo. Hata hivyo, Kaunti ya Kilifi si mgeni wa reli. Njia ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, inapita Mazeras na Mariakani. Reli mpya iliyozinduliwa Mei 31, 2017 nayo ina kituo Mariakani. Wanafunzi, wafanyabiashara, wafanyakazi wa hoteli na watu wanaokwenda kuzika au kuoza bara wameitumia njia hiyo vizazi na vizazi.

Abiria anapofia safarini, jamaa zake huwa na haki ya kudai fidia. Haki hiyo imo katika sheria za Kenya na si hisani ya shirika wala ya serikali. Lakini dai la kifo cha reli lina sharti ambalo dai la ajali ya barabarani halina: muda wake ni mfupi mno. Aliyepoteza mume katika ajali ya matatu barabara ya Mombasa kwenda Malindi ana miaka mitatu ya kufungua kesi. Aliyempoteza katika garimoshi la Shirika la Reli la Kenya ana miezi 12 pekee, na ndani ya hiyo sharti atoe notisi ya mwezi mmoja. Familia nyingine hupoteza fidia si kwa kukosa haki, bali kwa sababu muda uliwaishia wakiwa bado wanatafuta vyeti.

Ajali zilizoacha alama

Ajali ya reli inayokumbukwa zaidi nchini ni ile ya Januari 30, 1993. Garimoshi la abiria la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa lilifika katika daraja la mto Ngai Ndethya, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, wakati mafuriko yalikuwa yamelidhoofisha. Daraja liliporomoka, nayo injini na baadhi ya mabehewa yakatumbukia mtoni. Watu zaidi ya 100 walifariki. Kwa kuwa safari ilikuwa ya kuelekea pwani, msiba huo uliingia katika nyumba nyingi za ukanda huu.

Miaka sita baadaye, Machi 24, 1999, garimoshi jingine la kutoka Nairobi kwenda Mombasa liliacha reli karibu na Tsavo, na watu 32 wakafa. Katika nchi jirani ya Tanzania, Juni 24, 2002, garimoshi la abiria lilirudi nyuma kwenye mteremko wa Igandu, mkoani Dodoma, likagongana na lile la mizigo. Watu 281 walipoteza maisha.

Ajali za namna hii hazitokei kila mwezi kama zile za barabarani. Ndiyo maana wananchi wengi hawazijui taratibu zake. Wakili au karani aliyezoea kesi za matatu anaweza kuchukua kwamba muda ni ule ule wa miaka mitatu, na kosa hilo halirekebishiki kwa urahisi.

Chimbuko la haki hii

Sheria ya Kenya kuhusu vifo vya ajali imerithiwa kutoka Uingereza, na historia yake imefungamana na reli yenyewe. Mwaka 1808, katika kesi ya abiria wa gari la farasi, Jaji Lord Ellenborough aliamua kwamba kifo cha mtu hakiwezi kuwa msingi wa dai katika mahakama ya madai. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: aliyemvunja abiria mguu angelipa, lakini aliyemuua hakuwa na deni lolote kwa mjane.

Reli zilipoenea na ajali kuongezeka, hali hiyo haikuvumilika tena. Katika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1841, garimoshi liligonga udongo ulioporomokea reli huko Sonning na kuwaua wasafiri waliokuwa katika mabehewa ya wazi, wengi wao wakiwa vibarua. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Ajali za Mauti, iliyowapa wajane, wazazi na watoto haki ya kudai hasara waliyoipata kwa kufiwa na mtu aliyewalisha. Sheria ya Kenya ya Ajali za Mauti, yaani Sura ya 32, ni mjukuu wa sheria hiyo.

Sheria mbili, mifuko miwili

Mtu akifa kwa uzembe wa mwingine, madai ya aina mbili huzaliwa, na kwa kawaida huandikwa katika kesi moja.

La kwanza ni dai la wategemezi chini ya Sheria ya Ajali za Mauti. Fedha zake ni za mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu. Neno mzazi hapa linajumuisha babu, nyanya na mzazi wa kambo. Neno mtoto linajumuisha mjukuu na mtoto wa kambo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na yule aliyelelewa kwa mujibu wa sheria hawaachwi nje. Ndugu wa marehemu, yaani kaka na dada, hawamo katika orodha hiyo, hata kama marehemu ndiye aliyekuwa akiwalipia karo.

La pili ni dai la mali ya marehemu chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Hapa mahakama huhesabu maumivu aliyopata marehemu kabla ya kufa na kupungukiwa kwake na miaka ya kuishi. Fedha hizi huingia katika mirathi.

Tofauti hiyo ina uzito katika pwani yenye Waislamu wengi. Fedha za mirathi ya Mwislamu hugawanywa kwa kanuni za Kiislamu, na mgogoro kuhusu mgao huo unaweza kupelekwa kwa Kadhi ikiwa wahusika wote ni Waislamu. Fedha za wategemezi si mirathi. Jaji au hakimu ndiye anayeamua kila mtegemezi apate kiasi gani, kwa kutazama nani alimtegemea marehemu na kwa kiwango gani. Dai lenyewe la fidia dhidi ya shirika haliwezi kusikizwa na Mahakama ya Kadhi, kwa kuwa Katiba imeipa mahakama hiyo mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pekee.

Ukuta wa miezi 12

Kifungu cha 87 cha Sheria ya Shirika la Reli la Kenya, Sura ya 397, kinaweka masharti mawili kwa anayetaka kulishtaki shirika hilo kwa jambo lililotendeka, au lililopuuzwa, katika utekelezaji wa kazi zake.

Kwanza, kesi isifunguliwe mpaka upite mwezi mmoja tangu Mkurugenzi Mkuu wa shirika apelekewe notisi ya maandishi yenye maelezo ya dai. Pili, kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu kitendo au uzembe unaolalamikiwa. Mwezi wa notisi umo ndani ya hiyo miezi 12, haiongezi. Anayepeleka notisi katika wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na mbili huwa amekwisha chelewa.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni siku ya kuanza kuhesabu. Sheria ya Ajali za Mauti huhesabu miaka mitatu tangu siku ya kifo. Kifungu cha 87 huhesabu tangu siku ya uzembe, yaani siku ya ajali. Abiria akiumia Januari, akalazwa hospitalini na kufariki Mei, familia haipewi mwaka mzima kutoka Mei. Miezi minne imekwisha kuliwa akiwa kitandani.

Kwa familia za pwani, muda huo hupungua hata zaidi kwa mambo ya mila na dini. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na kwa kawaida hatoki kwenda ofisini wala mahakamani bila dharura. Ukiondoa siku hizo na mwezi wa notisi, anabakiwa na miezi sita na ushei ya kutafuta vyeti, wakili na kibali cha mahakama. Katika jamii za Mijikenda, mahanga na vikao vya ukoo kuhusu nani asimamie mambo ya marehemu huweza kuchukua muda mrefu vilevile. Sheria haimlazimishi mjane kuvunja eda, wala ukoo kuacha desturi, lakini haisimamishi saa pia. Njia iliyo salama ni familia kumchagua mapema mtu mwingine, kama vile mzazi au mtoto mkubwa wa marehemu, aanze kushughulikia nyaraka.

Shirika la Reli si chombo pekee cha umma kilichowekewa kinga hii. Mamlaka ya Bandari ina kifungu kinachofanana na hicho katika sheria yake. Madai ya uzembe dhidi ya Serikali yenyewe nayo yana ukomo wa miezi 12 chini ya Sura ya 39.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba sharti la kuipa Serikali notisi ya siku 30 kabla ya kuishtaki linakiuka Kifungu cha 48 cha Katiba, kinachomhakikishia kila mtu nafasi ya kupata haki. Uamuzi huo uliwapa matumaini wadai wengi. Lakini ulihusu sheria ya mashtaka dhidi ya Serikali, haukuhusu Sheria ya Shirika la Reli, na haukuondoa ukomo wa miezi 12. Familia inayoacha kutoa notisi kwa kuutegemea inabahatisha.

Mazungumzo hayasimamishi saa. Barua ya pole, ahadi ya kufikiriwa, au mkutano na maafisa wa bima havina uwezo wa kurefusha muda uliowekwa na Bunge.

Nani anaruhusiwa kushtaki

Kuwa mjane au baba wa marehemu hakutoshi kumpa mtu uwezo wa kushtaki kwa niaba ya mali ya marehemu. Anahitaji kwanza barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kwa kesi za ajali, mahakama hutoa kibali chenye mipaka, kinachomruhusu msimamizi kufungua na kuendesha kesi pekee bila kugusa mali nyingine. Kibali hicho hupatikana haraka kuliko usimamizi kamili.

Mpangilio wa hatua hizi ni muhimu. Katika uamuzi wake wa mwaka 1993 kuhusu kampuni ya Troustik Union International, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba msimamizi hana mamlaka ya kufungua kesi kabla hajapewa barua za usimamizi, na kesi iliyotangulia barua hizo haisimami. Kwa ajali ya barabarani, kosa hilo huweza kusahihishwa kwa kufungua kesi mpya kabla ya miaka mitatu kwisha. Kwa ajali ya reli, mara nyingi miezi 12 huwa imekwisha pita kabla kosa halijagunduliwa.

Sheria ya Ajali za Mauti ina mlango mdogo wa nyuma. Kama marehemu hana msimamizi, au msimamizi yupo lakini hakufungua kesi ndani ya miezi sita tangu kifo, wategemezi wenyewe wanaweza kushtaki kwa majina yao. Mlango huo ni wa dai la wategemezi tu. Haufungui dai la mali ya marehemu.

Vilevile, sheria hairuhusu kesi zaidi ya moja ya wategemezi kwa kifo kimoja. Wake wawili wa marehemu hawawezi kufungua kila mmoja kesi yake, mmoja Malindi na mwingine Kaloleni. Wote na watoto wao sharti waorodheshwe katika kesi hiyo moja. Mke aliyeachwa nje ya orodha hupata taabu kubwa kurudi baadaye kudai sehemu yake, na ni hapo ugomvi wa nyumba kubwa na nyumba ndogo huwagharimu watoto.

Nyaraka zinazohitajika ni cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uthibitisho wa ndoa, ripoti ya polisi kuhusu ajali, ripoti ya daktari aliyechunguza maiti, na uthibitisho kwamba marehemu alikuwa abiria. Zamani tiketi ilikuwa kipande cha karatasi kilichopotea pamoja na mwenyewe. Katika reli mpya, tiketi hukatwa kwa nambari ya kitambulisho na malipo mengi hufanywa kwa simu. Ujumbe wa malipo unaobaki katika simu ya marehemu, au ya aliyemlipia, ni ushahidi wa kutunzwa. Ndoa ya kimila isiyo na cheti inaweza kuthibitishwa kwa viapo vya wazee na barua ya chifu.

Mwili usipopatikana

Daraja linapobebwa na mafuriko, baadhi ya miili huweza isionekane. Hapo familia hukuta pengo kubwa katika sheria. Sheria ya Ushahidi inasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake huchukuliwa kuwa amekufa. Dai la reli nalo hufungwa baada ya miezi 12. Anayesubiri miaka saba ipite atakuta mlango wa fidia umefungwa kwa miaka sita.

Njia iliyopo ni kuomba uchunguzi wa hakimu. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inampa hakimu uwezo wa kuchunguza kifo cha mtu aliyetoweka na anayeaminika kuwa amekufa. Ushahidi kwamba alipanda garimoshi, kwamba behewa lake lilizama, na kwamba tangu siku hiyo hajaonekana wala kupiga simu, unaweza kumshawishi hakimu bila kungoja miaka saba. Ombi hilo linafaa kupelekwa katika wiki za mwanzo, wakati mashahidi walionusurika bado wanapatikana.

Uzembe uthibitishwe, na mshtakiwa apatikane

Kufa ndani ya garimoshi si uthibitisho tosha wa dai. Mlalamikaji sharti aonyeshe kwamba kifo kilitokana na uzembe: reli isiyokaguliwa, breki mbovu, dereva aliyekwenda kasi, ishara zilizopuuzwa. Ila abiria ana nafuu moja. Hakuwa na usukani mkononi, wala hakuwa mkaguzi wa reli. Garimoshi lisilogongana na kitu halitoki relini lenyewe ikiwa kila mtu ametimiza wajibu wake. Katika mazingira hayo mahakama huweza kuchukua kwamba ajali inajieleza, na kumtaka mwenye chombo atoe maelezo.

Mshtakiwa naye anaweza kujitetea kwamba maafa yalikuwa ya Mungu, kama vile mafuriko yasiyo ya kawaida. Utetezi huo haukubaliwi kwa kutajwa tu. Swali huwa kama mvua hiyo isingeweza kutarajiwa, kama daraja lilikuwa imara, na kama kulikuwa na mtu wa kukagua njia kabla garimoshi halijaruhusiwa kupita.

Hali ya mtu aliyegongwa akivuka reli au akitembea juu yake ni tofauti. Huyo si abiria, na mahakama huweza kumtwika sehemu ya lawama, au lawama yote.

Nani ashtakiwe ni swali linalotegemea mwaka na njia. Kuanzia Novemba 2006 hadi mwaka 2017 njia ya zamani iliendeshwa na kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba. Magarimoshi ya reli mpya yalianza kazi mwaka 2017 yakiendeshwa na kampuni ya Afristar, na kuanzia mwaka 2021 Shirika la Reli lilianza kuzichukua kazi hizo hatua kwa hatua. Mwenye reli, mwendesha garimoshi na mwajiri wa dereva huenda wasiwe mtu mmoja. Wakili makini huwataja wote katika kesi, na mahakama ikagawa lawama.

Hesabu ya fidia

Sehemu kubwa ya fidia hutokana na dai la wategemezi. Mahakama huchukua kipato cha marehemu kwa mwezi, ikakizidisha kwa miezi 12, kisha kwa idadi ya miaka ambayo huenda angeendelea kufanya kazi, kisha kwa sehemu ya kipato aliyoitumia kwa wategemezi. Kwa mwenye mke na watoto, sehemu hiyo mara nyingi huwa theluthi mbili, ingawa hilo hutegemea ushahidi na si kanuni ya lazima.

Tuseme mvuvi wa Ngomeni mwenye umri wa miaka 35 alikuwa akipata Sh15,000 kwa mwezi, na mahakama ikakadiria miaka 20. Hesabu itakuwa 15,000 mara 12, mara 20, mara theluthi mbili, yaani Sh2,400,000. Juu yake huongezwa fidia ya kupungukiwa na miaka ya kuishi, ambayo kwa miaka mingi mahakama nyingi zimeiweka karibu Sh100,000, pamoja na fidia ya maumivu na gharama za mazishi. Mahakama huzingatia pia kwamba watu wale wale wasilipwe mara mbili kwa hasara moja.

Tatizo la wengi ni kuthibitisha kipato. Mvuvi, mgema, muuza samaki au mkulima wa mihogo hana hati ya mshahara. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha kipato, kwani Wakenya wengi hujipatia riziki bila kuweka kumbukumbu za maandishi. Ushahidi wa mwenye mashua, wa mteja wa kila siku, au wa rekodi za malipo ya simu unaweza kukubalika. Ukikosekana kabisa, mahakama huweza kutumia kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali, au kutoa kiasi kimoja cha jumla. Njia hiyo ya mwisho hutumika pia anapofariki mtoto ambaye hajaanza kufanya kazi.

Kuhusu mazishi, mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba si haki kutarajia waliofiwa wakusanye stakabadhi wakati wa majonzi, na kwamba gharama za kiasi zinaweza kulipwa. Hata hivyo, sharti zitajwe katika hati ya madai. Stakabadhi ya sanda, jeneza, gari la kubebea maiti au chakula cha matanga ikiwapo, na itunzwe.

Ajali za reli zinatofautiana hapa pia na zile za barabarani. Bima ya lazima ya magari humlipa mdai hadi Sh3 milioni, na kinachozidi hapo hutafutwa kwa mwenye gari, ambaye huenda hana kitu. Katika dai la reli, ukomo huo wa bima ya magari hauhusiki.

Fungu la watoto walio chini ya miaka 18 kwa kawaida haliwekwi mikononi mwa mtu. Mahakama huagiza liwekwe benki hadi watimize umri huo, na mlezi huomba ruhusa akihitaji kulipia karo au matibabu.

Wapi kesi ifunguliwe

Kibali cha usimamizi kinaweza kuombwa katika mahakama iliyo karibu na makao ya marehemu, iwe Malindi, Kilifi au Mariakani. Kesi ya fidia hufuata kanuni nyingine. Sheria ya Mwenendo wa Madai humruhusu mlalamikaji kushtaki mahali madhara yalipotokea, au mahali mshtakiwa anapofanyia shughuli zake. Ajali ikitokea Voi au Kibwezi, kuishi Malindi peke yake hakuipi mahakama ya Malindi mamlaka. Mara nyingi Mombasa ndiyo huwa karibu zaidi, kwa kuwa shirika linafanya shughuli zake huko.

Kiasi cha dai nacho huamua ngazi ya mahakama. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015, hakimu mkazi husikiza madai yasiyozidi Sh5 milioni, na hakimu mkuu yasiyozidi Sh20 milioni. Yanayozidi hapo huenda Mahakama Kuu.

Mawakili, madalali na hati za kufunga dai

Kila ajali kubwa huwavuta madalali wa kesi, ambao hufika hospitalini na msibani wakiwa na fomu za kutiwa saini. Familia haina wajibu wa kusaini chochote mbele yao. Sheria ya Mawakili inabatilisha mapatano ya wakili kulipwa tu endapo kesi itashinda, na mteja ana haki ya kuonyeshwa hesabu ya fedha zilizopokewa kwa niaba yake. Malalamiko dhidi ya wakili hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili.

Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, au kuiomba mahakama imruhusu kushtaki kama fukara, bila kulipa ada za mahakama.

Hatari nyingine ni hati ya kukubali malipo. Shirika au bima huweza kutoa kiasi fulani cha haraka, kikiambatana na karatasi inayosema mpokeaji hana dai lingine. Saini yake hufunga mlango, hata kama kiasi hicho ni sehemu ndogo tu ya haki yake. Rambirambi na msaada wa mazishi si fidia, na vinaweza kupokelewa ikiwa hakuna hati ya namna hiyo iliyoambatanishwa.

Kalenda ya familia

Kwa muhtasari, mwaka wa dai la reli unaweza kupangwa hivi. Katika mwezi wa kwanza, familia ipate kibali cha mazishi, iandikishe kifo, ichukue ripoti ya polisi na majina ya walionusurika katika behewa lile lile. Katika mwezi wa pili na wa tatu, ipate barua ya chifu, ikubaliane nani asimamie, na kupeleka ombi la kibali mahakamani. Mwezi wa nne usipite bila notisi kumfikia Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli, nayo nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa ihifadhiwe. Kuanzia mwezi wa sita, kibali kikiwa mkononi na mwezi wa notisi ukiwa umepita, kesi ifunguliwe.

Mpango huo unaacha miezi kadhaa ya akiba kwa cheti kitakachochelewa au jina litakaloandikwa vibaya. Akiba hiyo inahitajika. Jina la marehemu kuandikwa kwa herufi tofauti katika kitambulisho, tiketi na cheti cha kifo ni jambo la kawaida pwani, na kulisahihisha huweza kuchukua wiki nyingi. Anayeligundua katika mwezi wa tatu hupata usumbufu tu. Anayeligundua katika mwezi wa kumi na moja huenda akapoteza haki ya watoto wake.